Kila Mtu na Toba Yake

Mlokole ana shida moja ambayo mwenye dhambi wa kawaida haijui: hawezi kunyamaza. Akiiba kiazi Jumatatu, Alhamisi atasimama mbele ya watu aseme nimeiba kiazi, tena aonyeshe kwa mikono kilikuwa kikubwa namna gani. Huko Molo, kwenye mashamba ya pareto, majirani waliwacheka sana kwa tabia hiyo. Walisema ukitaka habari zako zifike Nakuru kabla ya gari la moshi, mnong'onezee mlokole.

Mwaka wa hamsini na tatu kicheko hicho kilikuwa kimekwisha. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Serikali iliwapakia Wakikuyu kwenye malori, wengine wakarudishwa makwao ambako hawakuwa na hata shamba la kupanda sukuma, wengine wakatiwa kizuizini. Watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali hiyo, nao walikuwa wakiwakata wenye midomo mirefu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na Wachuka alikuwa nyasi.

Alikuwa mjane, mchumaji wa pareto, mama wa mtoto mmoja wa kike, Nyakio, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka. Majuma mawili kabla ya Alhamisi ya kisa hiki aliitwa nyumba ya jirani akasaidie mama aliyeshikwa na uchungu. Alipofika hakukuta mzazi. Alikuta wanaume, mbuzi aliyechinjwa, na tao la matawi lililosimamishwa katikati ya nyumba. Aliyeongoza mambo alikuwa Gathogo, mpasua kuni wa shamba, mtu mpole ambaye mara nyingi alimwachia Wachuka mzigo wa kuni mlangoni bila kuombwa. Wachuka alikuwa ameahidi mbele ya Mungu na mbele ya ndugu kwamba siku atakapoletewa kiapo cha watu wa msituni atakataa, liwe liwalo. Siku ilifika, naye akafungua kinywa. Alikula nyama, akapita chini ya tao, akarudia maneno kwamba akiitoa siri hii, kiapo kimuue. Hakupigwa hata kofi. Alimfikiria Nyakio, akafungua kinywa, basi.

Tangu hapo maombi yalimshinda. Alipiga magoti kama kawaida, akataja maneno kama kawaida, lakini ilikuwa ni kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Alikiogopa kiapo, kwa maana hakuzaliwa juzi na aliwajua watu waliokufa kwa viapo. Alimwogopa Gathogo na wenzake. Aliliogopa lori la serikali, kwa kuwa wanaochukuliwa hawaulizwi mtoto abaki na nani. Hofu kubwa kuliko zote hakuweza kuitaja hata kimoyomoyo: huenda ile siku alipofungua kinywa, Mungu aliinuka akatoka, wala hatarudi. Au labda hakuwahi kuwepo, na miaka yote ile alikuwa akiimbia kuta.

Dawa aliijua. Walokole walifundishana kwamba dhambi iliyofichwa ni ukuta kati ya mtu na Mungu wake, na ukuta huo hubomolewa kwa kusema mbele ya ndugu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi yake yeye yalikuwa ya aina ya kumuumbua akiyaficha na kumuua akiyafichua. Alhamisi moja ilipita akajisingizia kichwa kinamuuma. Ya pili ikafika.

Mchana ule, baada ya maua kupimwa, ukungu ulishuka kutoka msituni ukalifunika shamba zima hata mti ulio hatua chache usiuone. Wachuka alijitanda shuka akashika njia ya kwenda ghala la kukaushia pareto, ambako bwana mwenye shamba aliwaruhusu kusali kwa sababu, alisema, watu wanaoimba hawachomi mabanda. Alikuwa nusu njia aliposikia kikohozi. Gathogo alitokea kwenye ukungu, amevaa kabuti lake kubwa, akaanza kutembea kando yake.

"Mama Nyakio, leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

"Nasikia nyinyi watu wa Yesu hamna siri. Mtu akiota ndoto mbaya anaisema."

Wachuka alikaza mwendo.

"Nami nataka kusikia," Gathogo akasema kwa upole uleule wa siku zote. "Nitakaa nyuma tu. Mtoto umemwacha wapi?"

"Kwa jirani."

"Ni kweli. Nimempita sasa hivi anacheza na vigunzi. Ni mtoto mzuri."

Hapo miguu ya Wachuka ilitaka kugeuka ikimbie, lakini ingekimbilia wapi? Akaendelea kutembea.

Ghalani kulikuwa na joto. Matanuri yalikuwa yamewashwa, na harufu kali ya pareto ilijaa mpaka kwenye nguo. Hezekiah, seremala wa shamba na kiongozi wao, alipomwona Gathogo mlangoni aliruka kwa furaha. Kwa walokole, mgeni ni mgeni wa Bwana, hawaulizi amefuata nini.

"Bwana asifiwe! Ndugu Gathogo! Tumekuombea wewe siku mingi!" Akamkumbatia, kama ilivyo desturi yao, kifua kwa kifua.

Wachuka aliona mikono ya Hezekiah ikisita mgongoni mwa lile kabuti. Ilikuwa imegusa kitu kigumu, kirefu, kilichoning'inizwa chini ya kwapa. Mzee wa watu akafifia uso. Lakini desturi ni desturi: alimaliza kumkumbatia, akamkaribisha, akampa kiti karibu na tanuri. Gathogo alikataa kiti akasimama kando ya mlango.

Wakaimba. Kisha watu wakaanza kutubu mmoja mmoja. Awuor, mke wa mpishi wa bwana, alikuwa wa kwanza.

"Mimi nilichukia dada Chepkemei. Niliazima yeye sufuria, ikarudi na shimo. Nikasema kwa roho, hata yeye apate shimo kwa tumbo."

Watu walicheka, na Chepkemei, mkamuaji wa ng'ombe, akacheka kuliko wote. Akasimama akamkumbatia Awuor, kisha akatubu yake: alikuwa akitia maji kwenye maziwa ya memsahib, mke wa bwana, na si mara moja. Wachuka aliwatazama kwa wivu. Laiti na yeye dhambi yake ingekuwa ya sufuria! Tena huyu Chepkemei mwenyewe alikuwa jambo la kuogopwa, kwani mumewe Kiptanui ndiye aliyekuwa nyapara, na nyapara ndiye aliyempelekea bwana majina ya watu wa kupakiwa kwenye lori. Panga lilikuwa mlangoni, na lori lilikuwa limeketi kwenye benchi la mbele likipangusa machozi ya kucheka.

Zamu ilikuwa ya Wachuka. Hezekiah alimtazama, akamtazama Gathogo, akajifuta jasho.

"Nafikiri leo tufunge hapa," alisema. "Ukungu nayo inazidi."

Watu walishangaa. Hezekiah hakuwahi kufunga maombi mapema tangu wamjue. Lakini Wachuka alielewa. Mzee alikuwa amemfungulia mlango, na macho yake yalikuwa yakimsihi apite. Ni kusema amina tu, kwenda nyumbani, kumpikia mtoto viazi. Nani angemlaumu?

Aliinamisha kichwa akasema moyoni: Sikuoni. Sikusikii. Kama hupo nimekwisha, na kama upo umenikasirikia, nimekwisha vilevile. Lakini mimi sina mwingine wa kumwita.

Alingoja. Hapakuja sauti wala faraja, hapakuja hata ule ujasiri ambao wahubiri husema huja. Akasimama hivyohivyo.

"Ndugu, bado mimi."

"Dada Wachuka," Hezekiah akasema upesi, "inaweza kungoja."

"Imengoja sana." Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mimi nilikula kiapo."

Chepkemei akaacha kupangusa machozi, naye Wachuka akaendelea.

"Hakuna mtu alinipiga. Niliogopa tu. Niliwaambia ninyi hapa kwamba nitakataa, halafu nikafungua mdomo, na ningeweza kufunga. Tangu hiyo siku naomba na ni kama hakuna mtu huko. Naogopa kiapo itaniua. Naogopa lori. Naogopa kuacha mtoto. Lakini ile naogopa zaidi ni kwamba Mungu ameniacha, na sijui nitakaa namna gani kama ameniacha. Ni hiyo tu. Niombeeni."

Awuor alikuwa ameanza kulia. Chepkemei alisimama akamjia, macho yamemtoka.

"Uuui, dada! Nani alikupeleka? Sema jina yake!"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini mke wa nyapara ni mke wa nyapara, na swali lake lilitua katikati ya ghala kama jiwe. Wachuka hakugeuka kutazama mlangoni. Hakuhitaji. Alisikia kifungo cha kabuti kikifunguliwa.

"Hapana," alisema. "Mimi natubu yangu. Yake iko na mwenyewe."

Hili ndilo jambo ambalo wacheka-walokole wote wa Molo hawakulijua, na Gathogo hakulijua. Waliona midomo iliyo wazi wakadhani imefunguliwa kwa kila kitu. Lakini walokole walikuwa na sheria moja ngumu kuliko zote: dhambi ya mwenzako si yako kuitubu. Utavua nguo zako mbele ya watu, ukitaka hata ngozi, lakini ya jirani huigusi. Chepkemei aliijua sheria hiyo. Aliziba mdomo kwa mkono, kama mtoto aliyeropoka mbele ya wageni.

"Kweli," akasema. "Nisamehe. Na hii mambo yako haitaingia kwa nyumba yangu. Hata Kiptanui akiuliza. Si yangu kusema."

Kisha akamkumbatia. Awuor naye akaja, na Hezekiah akaanzisha wimbo kwa sauti iliyopasuka.

Ni hapo, ndani ya mikono ya wale wanawake walionuka maziwa na moshi, ndipo jambo lilipotokea. Hofu haikuondoka, nisikudanganye. Lakini ile nyumba iliyohamwa ilikuwa na mwenyewe. Wachuka alimjua kama unavyojua, ukiwa umefumba macho, kwamba mtu ameingia chumbani. Alitambua pia, na kutambua huko kulimliza, kwamba hakuwa ameingia sasa hivi, alikuwamo siku zote.

Wimbo ulipokwisha, pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Hezekiah alitaka kumsindikiza, Wachuka akakataa. Aliona si haki panga lililomfuata yeye limkute mzee wa watu. Alishika njia peke yake, na ukungu ulikuwa umekuwa mzito zaidi. Hakufika mbali alipokiona kivuli kimesimama mbele yake, kabuti wazi, chuma mkononi.

Wachuka alisimama. Alifikiria kupiga kelele, akaona hazina maana.

"Mtoto apelekwe kwa Awuor," alisema. "Tafadhali. Si kwingine."

Gathogo hakusogea. "Kwa nini hukunitaja?"

"Uliyofanya wewe si yangu kuyatubu."

"Yule mke wa nyapara alikuuliza waziwazi. Ungenitaja, kesho ningekuwa kwenye lori, nawe ungesalimika."

"Najua."

"Kiapo kilisema ukitoa siri ufe."

"Najua, Gathogo. Huoni ninavyotetemeka?"

Gathogo alimtazama kama mtu anayetazama gogo lisilopasuka na hajui alipige wapi.

"Wenzangu wataniuliza ulisema nini."

"Waambie ukweli."

"Nikiwaambia ukweli, hutachuma pareto tena." Alilirudisha panga chini ya kwapa, akafunga kabuti kifungo kwa kifungo. "Nitasema nilisikia wanawake wakigombania sufuria. Na Alhamisi ijayo usije."

"Nitakuja."

"Wewe ni mjinga, Mama Nyakio."

"Ndiyo," Wachuka akasema.

Gathogo aliondoka bila kuaga, ukungu ukammeza. Wachuka aliketi palepale kwenye majani yaliyolowa. Hakujua kama Gathogo angeshika neno lake, wala kama wenzake wangemwamini. Kesho wangeweza kuja wengine, wasiompasulia mtu kuni. Alitaka kumshukuru Mungu kwa kuwa hai, lakini alipofungua kinywa kilichotoka hakikuwa shukrani. Kilikuwa ni jina lile alilokataa kulisema ghalani. Alimtaja Gathogo, akamtaja na baba yake aliyemzaa, akaomba asiulizwe sana huko aendako. Aliomba kwa kunong'ona, maana ukungu una masikio. Na kwa vyovyote Yule aliyekuwa akimsikiliza alikuwa karibu mno, hapakuwa na haja ya kupaza sauti.