Kigari Kilichopakwa Nta

"Mama, usipunge mkono. Nakuomba. Usiguse kitu."

Ummy alikuwa amesimama pembeni ya barabara, mswala ungali miguuni pake, akiongea kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mlango wa buti ulikuwa wazi, vilevile alivyouacha alipotoa dumu la maji ya udhu. Akiwa kwenye sijda alisikia mvumo, akadhani ni lori linakuja. Sasa fungu la nyuki lilikuwa linaning'inia ndani ya buti, kubwa kama mtungi, na bado linanenepa. Wengine walikuwa wanashuka kutoka juu ya miombo, kundi kwa kundi, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

Bi Masika, mama mkwe wake, alikuwa kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, mkono na mguu, na kugeuka nyuma hawezi. Lakini macho anayo, na kioo cha kuonea nyuma kilikuwa mbele yake.

"Ummy. Hawa ni wangapi?"

"Wachache tu, Mama."

"Muongo mkubwa wewe."

Walikuwa wanakwenda Bukene kwa Sheima, mdogo wake Bi Masika, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshachinja kuku. Ilikuwa ndiyo safari ya kwanza ya gari, na ya kwanza ya bibi nje ya mji tangu augue. Zamani wakimpeleka kliniki kwa bodaboda, wakimfunga kwa kanga kwenye mgongo wa dereva ili asidondoke. Siku moja fundo lililegea pale Ipuli, mbele ya genge la nyanya. Bibi akaning'inia upande, buibui limepanda magotini, na kuna watu walicheka. Aliporudi nyumbani alisema neno moja tu: "Sitafungwa tena kama furushi. Nitafia humu humu." Tangu hapo hakuvuka geti.

Ndiyo maana Ummy akanunua gari. Dogo, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, limeshatumika na watu wengine wawili huko nyuma, lakini lake, la jasho la biashara yake ya asali. Siku lilipoingia uani Bi Masika alilitazama kutoka barazani, akauliza, "Hili ndilo gari? Mbona kama kopo la maziwa ya unga?" Lakini Ijumaa yake alijifukiza udi, akataka akalishwe kiti cha mbele, gari limezimwa, na akakaa humo mpaka magharibi. Ummy alimwona kupitia dirishani, akaenda zake jikoni akalia kidogo.

Mwenye gari wa kwanza alikuwa mvutaji wa sigara, na harufu ilikuwa imeganda ndani. Ummy akachukua nta, akaiyeyusha na mafuta ya nazi, akasugua dashibodi, milango, dari la buti, kila mahali, hadi gari likang'aa. Mumewe, Abdulnasser, akamsifu. Naye akasifika! Mwanamke aliyeuza asali miaka yote hiyo, aliyewaona kwa macho yake warina asali wakipaka nta ndani ya mzinga mtupu ili nyuki wapite waipende harufu, waingie, wakae. Kosa kama hilo mtu wa Dar es Salaam asingelifanya. Nta angeitoa wapi?

Ummy alirudi nyuma taratibu, akampigia simu Kulwa, mrina anayemletea asali kutoka msituni.

"Umekipaka nini hicho kigari?" Kulwa aliuliza, kabla Ummy hajamaliza kueleza.

"Nta."

"Lo! Dada, umetundika mzinga barabarani."

"Kulwa, Mama yumo ndani."

Sauti ya Kulwa ikabadilika. "Sikiliza. Usiwashe moto, moshi utamuua bibi kabla ya nyuki. Hao wamehama kwao, hawajawa na nyumba ya kuipigania. Lakini ukilitikisa gari, fungu likaanguka, basi tena. Mtoe polepole. Mimi natoka sasa hivi, ila mpaka jua lishuke hakuna mtu wa kuwagusa."

Ummy alivua viatu. Aliufungua mlango wa mbele kidogo kidogo, akiuzuia kwa paja usilie. Joto la ndani lilimpiga usoni, nta na udi vimechanganyika. Nyuki walikuwa wameshaanza kutembea kwenye dari, wanakagua. Kadhaa walikuwa juu ya mkono wa kushoto wa Bi Masika, ule uliokufa, wanapita kwenye vidole kama kwenye tawi. Bibi aliutazama mkono huo kwa hofu, kwa kuwa hakusikia kitu chochote.

"Nivute," alinong'ona.

"Nikikuvuta mguu utagonga mlango, gari litatikisika. Nitakubeba mgongoni. Lakini una mkono mmoja wa kujishikilia, na mimi nahitaji yangu yote miwili. Mama, lazima nikufunge."

Kanga mbili alizotandikiwa kitini zilikuwa pale pale alipokaa. Nyuki mmoja alipanda shavuni kwa Bi Masika, akasimama karibu na jicho.

"Nilisema sitafungwa."

"Ulisema, Mama."

"Nilisema nikiwa na akili zangu."

Kwa miaka yote ya ndoa, wakija wageni wa ukoo, wale wa majina marefu ya Kiarabu, Bi Masika alikuwa akimtambulisha mkwewe huku anacheka: huyu ndiye mjukuu wa wapagazi. Wageni nao wakicheka. Ummy alikuwa akileta kahawa, anatabasamu, na usiku analala na neno hilo kifuani. Hakuwahi kulijibu. Sasa alichuchumaa mlangoni, akampa mgongo.

"Babu zangu walibeba mizigo ya watu kwenye njia hii hii," alisema, bila kupandisha sauti. "Mjukuu wao yupo. Panda, Mama."

Kidevu cha bibi kikamgusa begani.

Ummy alipeleka mkono nyuma, akabonyeza kitufe cha mkanda. Ukalia tak! na mvumo ukapanda, wote wawili wakaganda, mpaka ukashuka tena. Alipitisha kanga ya kwanza makalioni mwa bibi, ya pili chini ya makwapa, akakaza fundo kifuani. Alipoanza kuinuka, magoti yakagoma. Mungu wangu, mzito! Nyuki akamchoma nyuma ya sikio. Machozi yakamtoka, lakini hakuinua mkono. Akachomwa tena shingoni. Bi Masika alikuwa anasoma Ayatul Kursiyyu, pumzi yake ya moto inaingia kwenye sikio lile lile, na Ummy akatembea, mguu huu, halafu mguu huu, anapapasa changarawe kwa nyayo, mpaka ng'ambo ya barabara, mpaka nyuma ya kichuguu, ndipo akapiga magoti.

Walikaa hivyo wakihema.

Mkono uliokufa ulikuwa umening'inia begani kwa Ummy, mbele ya macho yake. Miiba ilikuwa imebaki kwenye vidole. Akaanza kuikwangua kwa ukucha, mmoja mmoja.

"Wamenichoma?" Bi Masika aliuliza.

"Kidogo."

"Na wewe?"

"Kidogo."

"Muongo mkubwa," bibi alisema, na sauti ikamkatika katikati.

Lori lilipita, la kweli safari hii, likawaachia vumbi. Ummy alishika fundo kifuani.

"Ngoja nikufungue, upumue."

Mkono wa kulia wa Bi Masika, ule mzima, ulikuja juu ya vidole vyake ukavizuia.

"Kwani nimekulemea?"

"Hapana, Mama."

"Basi acha kwanza."

Ng'ambo, nyuki wa mwisho walikuwa wanaingia ndani. Taa ndogo ya buti ilikuwa bado inawaka juu yao, mchana kweupe.