Mwachie Mwenye Nyumba

"Kwani wewe hujui kusoma?" bosi aliuliza, tena kwa sauti ya kutosha kufika mpaka kwenye mizani.

Aliyeulizwa alikuwa dereva. Pale ghalani walimwita Breki, kwa kuwa hakuwa mtu wa pupa barabarani. Alisimama mbele ya meza ya bosi, kofia mkononi, masikio yakimwaka moto. Shule aliiacha mapema, hilo kila mtu alilijua, lakini jina la mteja juu ya boksi alikuwa amelisoma vizuri kabisa, na namba ya simu chini yake akaisoma.

"Najua," alisema.

"Boksi lilikuwa la nani?"

"La yule mama fundi cherehani."

"Na wewe ukampa nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye fundi cherehani?"

"Siye. Lakini fundi hakuwepo. Nikapiga simu hapa kuuliza nirudi nalo au vipi, nikaambiwa nimwachie mwenye nyumba. Nikamwachia mwenye nyumba."

"Ukaambiwa na nani?"

Breki aligeukia chumba cha vioo. Humo ndani alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana wa shati la kunyooshwa, ndiye aliyepokea simu za wateja na za madereva. Bosi alimwita kwa kidole. Shemeji akaja, akasimama upande wa bosi wa meza.

"Ulimwambia amwachie mwenye nyumba?"

Shemeji alikohoa. "Mimi nilimwambia amtafute mteja. Labda hakunisikia. Barabarani kuna kelele."

Breki alimtazama. Shemeji naye akatazama mizani, kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Sawa," bosi akasema. "Jumatatu asubuhi, watu wote wakikusanyika, utasema umekosa na utaomba radhi. Kisha ufunguo wa gari utaurudisha hapa, uende ukapakie na wenzako. Hutaki, lango unalijua."

Kupakia. Breki alianzia huko. Alibeba mizigo ya watu mpaka mgongo ukawa unamlia kila anapoinama kufunga viatu, na kile kiti cha dereva alikipata kwa jasho, hakupewa na mtu. Kukinyang'anywa lilikuwa jambo moja. Kusimama mbele za watu akatubu dhambi ya mwingine, hilo lilikuwa jambo la pili, na ndilo lililomuuma zaidi.

Shemeji alimfuata uani, nyuma ya matairi mabovu.

"Shemeji, meza tu. Yatapita."

"Nimeze nini?"

"Wewe unajulikana, wamekuzoea. Mimi bado niko kwenye majaribio, nikiguswa kidogo tu nimemwaga unga. Na mtoto ndiyo kwanza kazaliwa, unajua."

"Kwa hiyo unakumbuka ulichoniambia."

Shemeji alijikuna shingo. "Nakumbuka, sikumbuki, itatusaidia nini sasa? Sisi ni ndugu."

"Ndugu ndiyo unitwike mzigo wako?" Breki alisema. "Mimi nabeba mizigo ya mshahara. Wa kwako sijaulizia bei."

Akapanda gari, akaenda moja kwa moja kwa yule fundi. Alitaka alichukue boksi kwa mwenye nyumba alifikishe, ili hata wakimtukana wamtukane mikono yake ikiwa safi.

Fundi alikuwa barazani, anakanyaga cherehani ya mguu, sare za shule zimemzunguka mpaka magotini. Midomoni alibana pini, na alimgombeza bila kuzitoa.

"Umekuja na mota yangu au umekuja na mdomo?"

"Mama, naomba unisikilize."

"Nimesikiliza ofisi yenu mpaka nimechoka. Sare hizi zinatakiwa wiki hii, na hiyo mota ya umeme ndiyo nilikuwa naitegemea. Niliwaambia kwa simu, tena taratibu kama naongea na mtoto: mimi nimetoka, mwachieni mwenye nyumba wangu, kalala ndani."

"Mwenye nyumba wako?"

"Mume wangu!" Sasa pini alizitoa. "Mlinzi yule, usiku kazini, mchana kitandani. Ungeupiga mlango teke angeamka."

"Mimi niliambiwa mwenye nyumba. Basi."

"Mwenye nyumba *wangu*, nilisema. Wangu! Ningekuwa mwenye nyumba mimi, ningepanga chumba? Yule bibi wa mbele simtumi hata sindano aninunulie, kwa sababu..."

"Kwa sababu gani?" ilidakia sauti kutoka dirisha la nyumba ya mbele. "Malizia, mwanangu. Kwa sababu gani?"

Pazia likafunguka, na mwenye nyumba akaonekana, bibi kizee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Breki akasogea dirishani.

"Shikamoo, bibi. Lile boksi nililokupa lilikuwa la mpangaji wako."

"Marahaba. Hapa mwenye nyumba nani?"

"Wewe, bibi."

"Na uliambiwa umwachie nani?"

"Mwenye nyumba."

"Sasa umekosea wapi?"

Siku nzima watu walikuwa wakimwambia amekosa. Huyu peke yake ndiye aliyemwona hana hatia, na ndiye aliyekalia boksi.

"Naomba unirudishie, bibi yangu. Kazi yangu imeshikiliwa na uzi."

"Liko chini ya kitanda changu na litakaa huko mpaka anayelidai aje na maneno ya maana. Umeme hapa ni mita moja. Leo mota, kesho friji, keshokutwa atanifungulia kiwanda. Cherehani ya mguu sijamkataza, akanyage mpaka nyayo zitoboke."

"Umeiona roho mbaya yake?" fundi alipiga kelele.

"Na hiyo ofisi yenu," bibi akaendelea kana kwamba hakusikia, "kama imekosea, aliyekosea aje mwenyewe. Mimi siongei na mjumbe."

Dirisha likafungwa. Breki alirudi garini akakaa bila kuliwasha. Neno moja tu, wangu, lilikuwa limedondoka njiani kati ya simu ya fundi na simu yake. Kudondosha neno si dhambi, ulimi hauna mfupa. Lakini mtu kuliona limedondoka, akalikanyaga kwa kiatu ili lisionekane, akamwacha mume wa dada yake avuliwe nguo mbele ya kadamnasi! Alipiga usukani kwa kiganja, honi ikalia, mama wa watu akashtuka na pini zake.

Nyumbani, mkewe alikuwa amekwishapigiwa simu.

"Mdogo wangu anasema usimponze."

"Amekwambia hakusema?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Alilikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Hakuniambia hivyo. Alisema tu usimponze."

"Umeona?"

"Nimeona. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni."

"Na mimi umenibeba wapi?"

"Usinitafutie ugomvi, mume wangu, sijakukosea." Aliketi. "Ukweli wako useme. Ila usimtukane. Mkitukanana, nyie mtakwenda zenu, nitabaki mimi katikati kama mlango, kila mtu ananigonga."

Jumatatu bosi alipanda juu ya chaga la mbao la kupangia mizigo, wafanyakazi wakasimama mbele yake, madereva upande huu, wapakiaji upande ule. Shemeji alijibanza karibu na mlango wa vioo.

"Kuna mwenzetu ana neno," bosi alisema.

Breki alitoka mbele. Hasira ilimsukuma.

"Niliambiwa nimwachie mwenye nyumba, nikamwachia mwenye nyumba. Aliyeniambia ni shemeji yangu, yule pale. Sikukosa, na kusema nimekosa sisemi."

Watu waligeuka wote kwa pamoja. Shemeji alibadilika rangi.

"Uongo," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Lakini kosa lenyewe liko wapi?" aliuliza mpakiaji mmoja waliyemwita Kreni kwa mikono yake mirefu. "Mwenye nyumba si mwenye nyumba? Wangu mimi nikimwona najificha chooni."

"Wewe hujaoa, ndiyo maana," alimkata mama wa usafi, kaegemea fagio lake. "Mwenye nyumba ni mume. Mimi tangu naolewa namwita mwenye nyumba, na nyumba hana."

"Mume?" dereva mmoja mzee alicheka. "Kwangu mwenye nyumba ni mke. Mimi naomba pa kulala tu."

Ghala lote likaangua kicheko. Bosi alipiga makofi ya kuwanyamazisha, hakuna aliyemsikiliza. Wapakiaji walishikilia kuwa ni mpangishaji, akina mama wakashikilia kuwa ni mume, na Kreni aliapa kwa mama yake mzazi. Sasa shemeji alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kuvumilia kuona watu wanabishana jambo ambalo yeye analijua.

"Jamani, tumieni akili!" alipaza sauti. "Mteja ni mwanamke, kaolewa. Nikimwambia dereva mwachie mwenye nyumba, mtu mwenye akili timamu si ataelewa ni mume wake? Nimtafunie kila kitu?"

Kicheko kilikatika kama taa.

"Kumbe ulimwambia," bosi alisema.

Shemeji alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa vioo.

Breki alidhani angefurahi. Hakufurahi hata chembe; hasira ilipanda upya, maana sasa ilikuwa na haki yake. Bosi alishuka kwenye chaga akijipangusa suruali.

"Haya, kazini. Yamekwisha. Dereva, baki na ufunguo wako, ukalitafute hilo boksi."

"Hayajaisha, bosi. Uliniuliza kama najua kusoma, watu wakisikia. Leo watu ni hawa hawa."

"Usinivute mashati. Nimekwambia baki na ufunguo."

"Nimeusikia ufunguo. Nangoja lile jingine."

Bosi alimtazama, akawatazama watu, akaingia ofisini na kufunga mlango. Mama wa usafi alisonya, msonyo mrefu wa mtu mwenye pumzi.

Breki alimwendea shemeji. Akamshika mkono, si kwa nguvu, ila kwa namna ambayo hauchomoki.

"Panda gari."

"Shemeji, simu zinalia kule."

"Ziache zilie. Yule bibi anamtaka aliyekosea, haongei na mjumbe. Utakwenda kumpigia magoti wewe, na fundi naye utamweleza kwa nini sare hazijaisha."

"Mbele za watu?"

"Mimi mlitaka nikasemee wapi, chooni?"

Shemeji alipanda. Kiti cha abiria kilikuwa kimejaa vifurushi, Breki hakuviondoa. Kijana akavipakata vyote, kidevu kikiwa juu ya boksi la mwisho.

"Tafadhali, dada asijue."

"Dada yako ndiye aliyenizuia nisikutukane," Breki alisema. "Funga mlango."