Kikokotoo cha Nyuzi

Mama mpima ardhi alikuwa mbishi, na hilo hata yeye alilijua. Maisha yake yote ya kazi alipima viwanja kwa nyuzi za pembe: kona ya uzio, mwinuko wa barabara, ukuta uliokaa upande. Kikokotoo chake hakikuwahi kujua kipimo kingine. Kwa hiyo binti yake, aliyesoma naye darasa moja la jioni, alipomwambia kwamba kwenye hesabu za vikomo nyuzi zinapotosha, na kwamba pembe ipimwe kwa radiani, yaani kwa urefu wa ukingo wa duara, mama alichemka.

"Nyuzi hizo ndizo zilizokulisha," alisema.

Binti akakusanya madaftari yake. Asubuhi walikwenda kwenye mtihani kila mtu na upande wake wa barabara, kama watu wasiojuana.

Mama huyu alikwishaanguka mtihani huo mara mbili. Ofisini kwake walimwambia bila kupindisha maneno kwamba akianguka tena, nafasi ya kusomea uhandisi atapewa mwingine. Na swali lenye alama nyingi kuliko yote lilikuwa lilelile lililomwangusha: kikomo cha moja kutoa kosini x, juu ya x mraba, x inapokaribia sifuri.

Aliweka sifuri, akapata sifuri juu ya sifuri, yaani hakupata kitu. Akabonyeza kikokotoo kwa x ndogo sana. Kikaleta 0.000152. Hata mara ya pili alipoanguka kilileta hiyohiyo, naye akaiandika kwa mbwembwe.

Feni ya darini ilizunguka polepole. Aliitazama mpaka macho yakawa mazito, na ukumbi ukaenda zake.

Alijiona amesimama katikati ya bustani ya duara, ameshika ncha ya utepe. Ncha ya pili ameshika binti yake, mdogo tena, mwenye viatu vilivyomzidi, kama alipokuwa akimfuata kazini. Mtoto alianza kwenye mstari mweupe uliochorwa majanini kutoka miguuni pa mama, akatembea ukingoni mwa duara. Njia aliyoipita ilipinda, lakini kimo chake, yaani umbali wake wima hadi kwenye mstari, kilinyooka. Njia ilikuwa ndefu kuliko kimo.

"Sasa rudi, mwanangu," mama alisema.

Mtoto akarudi nyuma taratibu. Kila alipokaribia mstari, njia iliyobaki ilipungua kupinda, na kimo kikaisogelea. Karibu kabisa na mstari, vyote viwili vikalala pamoja na mama hakuweza tena kuvitofautisha. Ukigawa kimo kwa njia, unaikaribia moja. Ila sharti vyote vipimwe kwa utepe mmoja. Ukipima njia kwa nyuzi na kimo kwa utepe, utalinganisha nini na nini? Ndicho binti alichomwambia jana jioni, kwa upole, naye akapandisha sauti. Aliona aibu, aibu ya kweli, na alimpenda mtoto yule.

Alizinduka. Feni ilikuwa bado inazunguka. Akainama, akakiweka kikokotoo sakafuni chini ya kiti.

Kisha akazidisha juu na chini kwa moja kujumlisha kosini x. Juu pakabaki sini mraba. Akaitenga sini juu ya x, yaani kimo juu ya njia, mara mbili, kila moja ikiikaribia moja. Kilichosalia kilikuwa moja juu ya moja kujumlisha kosini x, na kosini ya sifuri ni moja. Akaandika jibu, akaweka kalamu.

Nje, binti alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkoba mapajani. Mama alikaa kando yake, si karibu sana.

"Lile la kosini umepata ngapi?" binti aliuliza bila kumtazama.

"Nusu. Nisamehe ya jana, mwanangu."

Binti akamsogelea mpaka mabega yakagusana.

"Nilikaa nyuma yako nakitazama hicho kikokotoo chako, mama. Mpaka ulipokiweka chini ndipo na mimi nikaanza kuandika."