Mke Mwenza wa Mgodini

Mume wangu ana sauti mbili. Ya kwanza ndiyo anayonitumia mimi: "Chumvi iko wapi?" "Umefunga geti?" Ya pili niliisikia siku umeme ulipokatika kwenye duka la dawa ninakouza, Bi Mfamasia akaturuhusu twende nyumbani mapema. Nilikuwa mlangoni navua viatu. Nikamsikia kutoka chumba cha kompyuta, anaongea taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa: "Usiogope. Wewe chimba tu. Niko nyuma yako."

Halafu mwanamke akacheka. Nilimsikia vizuri kabisa, maana siku hiyo hedifoni zilikuwa zimefumuliwa mezani, anazibadilisha sifongo, na sauti ilikuwa inatoka kwenye spika. Niliingia na kiatu kimoja mkononi.

"Ni nani huyo?"

"Nani? Aa, huyo." Hata hakushtuka. "Huyo ni Tausi. Tunacheza naye gemu tu. Hata sura yake siijui."

Alidhani ananituliza. Mwanamke mwenye sura ningeweza kushindana naye. Ningemtazama kiuno, ningemtazama meno, ningepata pa kuanzia. Huyu hana hata pua, na tayari ameshapewa sauti ambayo mimi sikuipata hata siku ya harusi.

Niseme ukweli, mume wangu si mtu mbaya. Anatengeneza kompyuta katika ofisi ya bima, na mtaa mzima wanamwita Injinia. Hanywi, harandi ovyo, mshahara anauleta nyumbani. Kibodi yake anaipiga brashi kila Jumamosi, kitufe kimoja kimoja, na akinunua feni mpya ya kompyuta huiwasha akaisikiliza amefumba macho. Dada zangu nikiwalalamikia wananicheka. "Wenzio waume zao wako baa, wako kwa vimada. Wako yuko ndani! Unataka nini tena?" Ni kweli yuko ndani. Ila ndani ya hiyo ndani kuna mgodi, na humo mimi sikuwamo.

Gemu lenyewe linachezwa na watu wawili. Mmoja anashika taa, mwingine anashika sururu. Mwenye taa haruhusiwi kuchimba, mwenye sururu haoni kitu bila mwenye taa. Mgodi wanaochimba ni wa kwao wawili tu, hakuna mwingine anayeweza kuingia. Na wakitaka kuachana lazima wote wawili wabonyeze kitufe cha kuvunja. Hapo mgodi unafukiwa na kila walichochimba kinapotea. Aliyelitunga gemu hilo nadhani aliwahi kuoa.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki, na nikakonda mpaka sketi ya kazini ikawa inazunguka kiunoni yenyewe. Zamu yangu dukani ni ya jioni. Kwa hiyo saa zilezile nilizokuwa nasimama nawauzia watu dawa za kikohozi, yeye alikuwa chini ya ardhi na Tausi, wanacheka.

Mungu si Athumani, Tausi akapata kazi ya mbali. Wakavunja mgodi wao kwa amani. Injinia akawa anazunguka ndani ya nyumba kama mjane, anafungua friji, anaifunga, hajui alichofuata. Hilo nalo likaniuma, maana nilipolazwa mimi na malaria alifungua friji mara moja tu na alijua alichofuata. Baada ya siku chache akabandika tangazo kwenye ukumbi wa gemu: *Mwenye taa anatafuta mwenye sururu. Awe mvumilivu.*

Nililiona kwa sababu nilishaliingiza gemu kwenye simu yangu. Nia yangu ilikuwa moja, kumnasa. Nilitaka nimsikie kwa masikio yangu mpaka anaishia wapi na hawa wanawake wasio na sura. Nikajiita Nyuki, kwa sababu nilitaka kumuuma. Nikaandika: *Nipo. Maiki yangu imekufa, ila nakusikia.*

"Karibu sana," akasema sikioni mwangu. "Nikuite kaka au dada?"

*Dada.*

"Basi dada Nyuki, usiogope. Niko nyuma yako."

Nilikuwa nimeinama chini ya kaunta, kati ya boksi la glavu na boksi la maziwa ya watoto, sikio moja lina waya. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Badala yake nywele za shingoni zikanisimama. Ile sauti, ile ya pili, ilikuwa inaniambia mimi.

Siku za mwanzo nilichimba kama kipofu. Nilituangushia dari mara sijui ngapi. Nilingoja aseme, "Wewe mwanamke vipi?" Hakusema. Alicheka, akasema, "Pole, hata mimi nilianza hivyo. Tazama nyufa kabla hujapiga." Nikaanza kuzitazama nyufa. Mtu aliyezoea kusoma miandiko ya madaktari hashindwi na ufa wa ukutani, na haikuchukua muda nikawa moto wa kuotea mbali. Tulipita ngazi aliyokwama na Tausi. Akapiga kelele ya furaha mpaka nikachomoa waya sikioni, na mteja akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Nikawa namuuliza mambo. Mbona taa inafifia tukikaribia maji? Mbona simu yangu inapata moto? Kwa nini yeye anachezea kwenye kompyuta na mimi kwenye simu, lakini mgodi ni mmoja? Akawa ananieleza. Aa, jinsi alivyokuwa anaeleza! Mambo ya data kusafiri, mashine kubwa zilizolala kwenye majumba yenye baridi nchi za mbali, mambo ambayo akiyaanza mezani mimi huinuka kuosha vyombo. Kumbe ana mifano mizuri. Kumbe anachekesha.

Bi Mfamasia ndiye mwenye duka, mama mtu mzima asiyepitwa na jambo. Jioni moja akanichungulia chini ya kaunta nikamweleza yote, maana uongo kwake haudumu.

"Binti yangu," akasema, "mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Bi Mkubwa, huu ni mgodi, si kisima."

"Basi utaingia zaidi. Inuka, mteja anataka matone ya macho."

Nikirudi nyumbani ananifungulia mlango na sauti ya kwanza. "Umerudi? Chakula kipo." Uso wake bado una mwanga, mabaki ya kicheko nilichomchekesha mimi nusu saa kabla. Anakaa kula huku anatabasamu na sahani.

"Kuna nini?" namuuliza.

"Hamna. Kuna mchezaji mmoja mpya, anaitwa Nyuki. Ana vituko huyo! Leo katupa sururu mtoni kwa bahati mbaya, halafu akaniandikia, 'Naiosha.'"

Anacheka peke yake. Mimi nakata nyama. Niliiandika sentensi hiyo mwenyewe, kwa kidole changu, lakini alivyoisema pale mezani ilikuwa ya mwanamke mwingine, na mwanamke huyo nilimchukia. Tausi walau alikuwa mtu wa watu, ana kwao. Nyuki alikuwa anakula riziki yangu. Maswali mazuri yote alikuwa ameuliza yeye, vichekesho vyote alikuwa ametoa yeye, na mimi nilikuwa nafika nyumbani nimebaki na miguu inayouma.

Siku moja akasema, kama anaongea na ukuta, "Ule ukuta wenye maji sijui tutaupitaje." Ulimi ukaniwasha. Nilijua jibu, nilikuwa nimeliwaza jioni nzima dukani nikipanga vidonge. Uanzie kushoto, juu, pale penye ufa mwembamba. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Punguza hiyo televisheni, kichwa kinaniuma."

Akapunguza. Na kesho yake jioni Nyuki akamwambia aanzie kushoto, juu, na Nyuki akapewa sifa zote.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipofika kooni. Nikasema, sasa basi. Mtego uliotegwa lazima ufyatuke. Nikamwandikia: *Umeoa?*

Taa yake ikasimama pale gizani, haisogei. "Nimeoa," akasema.

*Mkeo hacheki na wewe kama mimi.*

Kiti chake kikalia sikioni mwangu.

*Ningependa nikuone. Sura kwa sura.*

Nikatuma. Mzee mmoja alikuwa mbele yangu ananyoosha cheti cha daktari na mimi simwoni. Mwanamume akisema ndiyo, ndoa yangu imekwisha, na aliyeivunja ni mimi na mimi. Sikioni sikusikia kitu, ila pumzi zake. Kisha akasema, "Naomba unipe mpaka kesho," na taa ikazimika.

Usiku ule alikula kidogo. Aliniuliza kama miguu inaniuma, akaniletea kigoda niiweke. Nikajisemea, huyo, anaaga. Hivyo ndivyo wanavyofanya, wanakuwa wema siku wanapoondoka. Sikumshukuru hata kwa kile kigoda.

Kesho yake alianza kabla sijaandika neno.

"Dada Nyuki, umenisaidia sana. Sijacheka hivi kwa muda mrefu. Lakini mke wangu saa hizi amesimama kazini, na mimi nimekaa hapa nacheka na mtu mwingine. Jana ulivyoandika vile, niliona aibu. Sio kwa ajili yako. Kwa ajili yangu, kwa sababu nilifurahi." Akameza mate, niliyasikia. "Tuvunje mgodi. Mimi nimeshabonyeza. Imebaki wewe."

Kwenye skrini kitufe kilikuwa kinawakawaka. Nilikuwa nimeshinda. Mume wangu alikuwa amejaribiwa akasimama imara; ni wanawake wangapi wanaopata ushahidi kama huo mkononi? Dada zangu wangepiga vigelegele. Nami nilikaa pale chini ya kaunta nikautazama mgodi wetu, ngazi zote tulizopita, ule ukuta wa maji, mto nilimotupa sururu, na nikashindwa kukigusa kile kitufe.

Ningeweza kuandika, *Ni mimi.* Maneno mawili. Niliyaandika. Nikayatazama. Nikaona uso wake anavyoyasoma: ule mwanga unazimika, anajua kwamba nilimpeleleza miezi yote hii, kwamba hata mtego wa jana niliutega mimi. Mtu aliyeona aibu kwa kufurahi kidogo tu, nimwambie alikuwa anachekwa? Nikafuta.

"Nyuki? Upo?"

*Nipo,* nikaandika. *Mkeo ana bahati.* Nikabonyeza. Skrini ikajaa vumbi, kisha ikawa nyeusi. Bi Mfamasia alinitazama mara moja tu, akaenda kumhudumia mteja wangu bila kuuliza.

Nilirudi nyumbani nikamkuta sebuleni, kompyuta imezimwa na kufunikwa kitambaa. Alikuwa amepika chai. Akanisogezea kikombe, akakaa karibu yangu, mikono juu ya magoti kama mgeni. Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu ile siku ya kiatu. Nilikuwa nimekipata, na kilikuwa kinatazama ukuta.

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

Tukanywa chai. Nikatafuta swali la kumuuliza, moja tu, kati ya yale mengi. Kila lililokuja kichwani lilikuwa limeshaulizwa na Nyuki, na angejua.

"Umekuwaje?" nikasema mwisho.

"Sijambo. Kuna rafiki nimeachana naye leo."

"Rafiki gani?"

"Hata nikikwambia huwezi kumjua." Akatabasamu, na lile tabasamu halikuwa langu. "Ni yule Nyuki. Alikuwa mtu wa kipekee. Anauliza kitu na anangoja jibu."

Wivu hauna akili, ndugu zangu. Nilijua ni nani anayesifiwa. Nilijua anakaa wapi, anavaa sketi gani. Na bado moyo uliniwaka kama nimemfumania naye kitandani.

"Mwanamke gani huyo," nikasema, "anayeshinda kwenye simu na waume za watu? Hana kazi? Wa namna hiyo hawana maana, ni wa kupita tu. Umefanya vizuri kumtupa."

Akaweka kikombe chini kwa nguvu mpaka chai ikamwagika mezani.

"Usimseme hivyo!"

Tangu tuoane hakuwahi kunipandishia sauti. Hata yeye mwenyewe alishtuka, lakini hakurudi nyuma. Alikuwa amesimama. "Humjui. Mtu ambaye humjui usimseme vibaya mbele yangu. Yule ni mtu mwema. Ana utu kuliko... Usimseme, nakuomba."

Nikainuka nikachukua kitambaa, nikafuta chai taratibu mpaka meza ikakauka, na nikaendelea kufuta. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunitetea namna ile, na sikuwa na ruhusa ya kumshukuru.