Mashine Iliyooshwa kwa Ajili ya Mtakatifu Yosefu

Jumatatu, tarehe 18 Machi 1968. Manyunyu yalianza kabla ya misa ya kwanza, na upepo wa kutoka milima ya Matese ukawa unarudisha moshi ndani ya dohani, hata jiko la Ermelinda likajaa moshi na mwenyewe akajaa hasira kabla hajanywa kahawa.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Novemba iliyopita mumewe, Nicandro, alifukiwa na udongo ndani ya handaki la barabara kwa muda wa saa tisa. Ermelinda alipiga magoti kwenye matope ya mlango wa handaki akaweka nadhiri: mume akitoka hai, atamwandalia Yosefu meza ya vyakula kumi na vitatu visivyo na nyama, na mtaa mzima utakula. Nicandro alitoka na mbavu mbili zilizovunjika, basi. Yosefu alikuwa ametimiza upande wake.

Vyakula kumi na viwili havikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni kile cha kumi na tatu: kavateli, vipande vidogo vya donge la unga vilivyojikunja kama kombe za baharini, vya kutosha sahani sitini, juu yake chembe za mkate zilizokaangwa na lozi. Wanawake wa kijiji huvikunja kwa vidole viwili, kimoja kimoja. Lakini Ermelinda alianguka kutoka kwenye mzeituni mwezi wa Oktoba, na kifundo cha mkono wake wa kulia hakikubali tena kugandamiza hata sabuni.

Ndiyo maana alimeza kiburi akaenda kwa wifi yake, Ersilia, dada wa Nicandro, kuazima mashine ya kukunjia kavateli aliyorudi nayo kutoka Kanada. Ersilia aliitoa pamoja na maneno mengi: ifungwe hivi, izungushwe vile, haipendi hili wala lile. Ermelinda aliitikia "ndiyo, wifi" bila kusikiliza, maana tangu Januari aliporudi, Ersilia alikuwa na la kufundisha juu ya kila kitu, hata namna ya kufunga mlango. Tena kulikuwa na jambo kati yao. Ersilia aliomba kuleta walau chakula kimoja cha meza hiyo. Ermelinda alikataa. "Nadhiri ni yangu," alimwambia.

Sasa mashine ilikuwa imebanwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, safi kama kikombe cha altare. Ermelinda alisokota donge likawa kamba, akaiingiza kati ya rola mbili za mti, akazungusha mkono wa mashine. Ilipaswa kudondosha kavateli kama mahindi yanayopukuchuliwa. Ilizunguka robo, ikagoma.

Akakaza. Mashine ikanguruma, ikameza kamba, ikarudisha matambara.

"Umetia maji mengi," alisema mama mkwe wake, Mama Colomba, aliyeketi karibu na moto na rozari yake.

Akaongeza unga. Ikagoma.

"Sasa donge kavu."

"Mama, sali tu."

Akajaribu donge la viazi, lile la vitonge viitwavyo nyoki, akidhani ulaini wake utapita. Likanasa kati ya rola kama lipu ukutani, akakaa nusu saa akilichokoa kwa njiti.

Nicandro akachungulia. "Niipige nyundo kidogo?"

"Toka nje. Nimekuombea uishi, usinifanye nijute."

Saa nane mchana alikuja jirani yao, Dorotea, kuleta sufuria ya dengu. Akaitazama mashine. "Kumbe hata Kanada vitu vinakufa."

"Niitie mwenye mashine," Ermelinda alisema.

Ersilia alikuja na mwavuli mwekundu, akaukung'uta mlangoni polepole, kama mtu aliyejua ameitwa kwa kesi.

"Wifi, mashine yako ni mbovu," Ermelinda alimwambia. "Umeniazima kitu kibovu kwa meza ya mtakatifu, na Dorotea ni shahidi."

"Mimi nimeleta dengu tu," alisema Dorotea.

"Juzi nimekunja nayo kilo tatu," alisema Ersilia.

"Basi ilijua kuwa inakuja kwangu."

Ersilia aliinama. Akapitisha kidole juu ya rola, kisha akanusa kidole. "Inanuka majivu."

"Lazima inuke majivu. Kila kitu cha meza hii kimesuguliwa kwa majivu na maji ya moto, sufuria, miiko, ubao. Hakuna kitakachofika mbele ya Yosefu na mafuta ya nyumba nyingine. Hiyo mashine niliilaza kwenye beseni tangu jana mchana mpaka alfajiri."

Alisema kwa fahari. Punje za rozari zikasimama vidoleni mwa Mama Colomba.

"Umelaza mti ndani ya maji," alisema bibi huyo.

"Wifi," Ersilia aliuliza taratibu, "kila Septemba pipa la mvinyo unalifanyaje?"

Ermelinda akazitazama rola za mti. Kila Septemba yeye ndiye aliyelijaza maji, ili mbao zivimbe na nyufa zizibe.

Aliketi. Sahani sitini, mkono mmoja, na kesho saa sita kengele ingelia meza ikiwa pungufu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Ersilia hakucheka.

"Cheka basi," alisema.

"Nitacheka keshokutwa. Leo sogeza ubao."

"Nadhiri ni yangu."

Ersilia alikuwa anavua pete. "Na aliyefukiwa ni nani? Ulipokuwa kwenye matope, mimi nilikuwa Montreali, nazunguka jikoni nikingoja telegramu. Mimi pia nilimwita Yosefu. Sikuwa na meza ya kumwahidi. Nilimwambia tu kwamba huyo ni kaka yangu."

Msimu wote wa baridi Ermelinda alikuwa ameshukuru kana kwamba ni sauti yake peke yake iliyofika mbinguni. Aliona aibu, na aibu ikamwongezea hasira. Akasogeza ubao.

Ersilia, Mama Colomba na Dorotea wakakunja kwa vidole viwili. Ermelinda alikata kwa mkono wa kushoto na kutandaza kavateli juu ya shuka kitandani.

"Unakata vikubwa mno, wifi," alisema Ersilia.

"Huko Kanada hamkufundishwa kunyamaza?"

Kengele ya masifu ya jioni ilipolia, shuka mbili zilikuwa zimejaa. Nicandro alisimama mlangoni, akipima kama ameruhusiwa kuingia.

"Sasa sema meza ya mwaka kesho ni ya nani," alisema Ersilia. "Kwa sauti. Ahadi ya jikoni isiyo na mashahidi ni mvuke."

Ermelinda akapangusa unga mikononi, akageukia picha ya Yosefu juu ya moto. Sauti yake bado ilikuwa na ukali.

"Mama, Dorotea, Nicandro, nisikieni. Kila mwaka Mungu atakaonipa uzima, meza ya Yosefu katika nyumba hii itakuwa yangu na ya Ersilia, sawasawa. Na mashine yake, ikikauka na kupona, nitaipangusa kwa brashi kavu, wala sitaionyesha hata maji ya baraka."