Wifi na Pakiti Zake

Kazi ya kiwandani kwetu nilimtafutia mimi mwenyewe. Nalisema mapema mjue nilivyojipalia makaa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikaa kwangu miezi mitatu bila shughuli, akinioshea vyombo na kunichekesha, nikamwonea huruma nikampeleka kwa bosi. Wakati huo nilikuwa mkuu wa jiko, mwaka wa kumi na tisa kwenye makopo. Maharage na nyama yanatiwa koponi, kopo linafungwa, makopo yanashushwa ndani ya pipa kubwa la mvuke na kuchemshwa mpaka asibaki kijidudu hai. Pipa likikoroma tu, najua limebakiza dakika ngapi.

Kisha bosi akaleta pakiti laini badala ya kopo. Aliniuliza mimi kwanza kama nataka kufundishwa. Nikamjibu sina muda wa kucheza na mifuko. Akafundishwa wifi.

Haikupita miezi miwili, meza yake ikawa kama msiba wa tajiri, watu hawaishi. Mama Lebo, anayebandika karatasi kwenye makopo yangu, alihamishia kiti chake huko, akawa ananirudia na habari tu. Eti pakiti ni nyembamba, joto linafika katikati upesi, inaiva kwa nusu ya muda wa kopo, na maharage hayavurugiki. Haishiki kutu. Mlaji anaichana kwa vidole, hahangaiki kutafuta kifungulio. Madereva wa malori wanaitumbukiza kwenye maji ya moto, wanakula, safari inaendelea. Na katoni nzima mtu anainua kwa mkono mmoja. Nikamwuliza kama ameiposa hiyo pakiti.

Nyumbani nako sikupona. Mume wangu, mtu anayekula chakula changu miaka yote bila neno, alichana pakiti ya dada yake mezani kwangu, akaimaliza, akalamba na pembe zake.

Ndipo bosi akatangaza kwamba jiko litabaki na mkuu mmoja. Alhamisi saa nane mchana ataonja kopo na pakiti, maharage ya gunia moja. Bosi huyu tunamwita Kijiko, kwa sababu hutembea na kijiko chake mfukoni mwa shati.

Alhamisi hiyo makopo yangu yalitoka mapema. Pakiti arobaini za wifi zilikuwa bado ndani ya pipa alipoitwa stoo kupokea katoni.

"Wifi, nishikie pipa dakika kumi," akasema. "Likilia usiguse kitu, narudi."

Likalia. Nisiguse kitu? Mimi, niliyemwonyesha mpaka ufagio ulipo? Nikafunga mvuke, nikafungulia bomba la kutolea presha, kama nilivyofanya miaka kumi na tisa.

Kopo letu lingevumilia. Pakiti ikiwa na moto ndani hutaka hewa iibane kwa nje mpaka ipoe, ukiiachia ghafla inavimba kama chura. Hayo walifundishwa waliokubali kufundishwa. Mimi nilisikia tu paa, paa, paa ndani ya chuma, na mfuniko ulipofunguliwa, mchuzi ulikuwa umetapakaa kila mahali. Zilikuwa zimepona sita.

Watu wakajaa. Mama Lebo akamnong'oneza jirani yake kwamba kijicho kimefanya kazi yake. Na wallahi, niliuona uongo ule mtamu. Heri niitwe mchawi kuliko ijulikane mkuu wa jiko halijui pipa lake.

Kijiko akauliza nani kafungulia.

"Mimi, bosi," wifi akasema, akijipangusa mikono. "Niliharakisha."

Wakaanza kumpa pole, mmoja baada ya mwingine. Hata kosa, likishikwa na yule mwanamke, linageuka asali! Meza kanichukulia, mume kanichukulia mdomo wake, sasa na hatia yangu aichukue?

"Anadanganya," nikasema. "Nimefungulia mimi. Pakiti sizijui. Nilifanya kama kopo."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kijiko akachana pakiti moja kati ya zile sita, akala mpaka chini. Kopo langu ikabidi litafutiwe kifungulio. Akachota mara mbili, akasifia chumvi. Mtu akikusifia chumvi, shukuru, uanze kukusanya vitu vyako.

Asubuhi iliyofuata mkuu wa jiko, wifi yangu, aliniwekea stuli mbele ya pipa.

"Kaa hapa, wifi. Sindano ya kipimo cha presha isishuke mpaka pakiti zipoe. Ukiinuka tu, zinapasuka."

Nikakaa, macho kwenye sindano. Nyuma yangu, mezani kwa wifi, Mama Lebo alikuwa anasimulia kitu kwa sauti ya chini, kisha wote wakaangua kicheko mpaka wakapiga meza. Dakika ishirini nzima wanacheka, nami sikuweza kuinuka kwenda kuuliza ni nini.