Gurudumu Lililopimwa kwa Kamba ya Majani

Mzazi mwenye mtoto wa mbio za baiskeli asikie haya ya Rodah wa Kimulot kabla hajaishika mita ya mtoto.

Mita yenyewe ni kale kakompyuta kadogo ka kupima mwendo kanakofungwa kwenye usukani. Ilitaka kuambiwa urefu wa mzunguko mmoja wa gurudumu, na nyumbani hakukuwa na tepu ya kupimia. Binti yake Shirley akasema wangoje aazime shuleni.

"Tungoje nini? Majani yote hii shamba, nani alipima nafasi yake?"

Rodah akatoa kamba ya kupandia majani ya chai, ile yenye fundo kila sentimita sabini na tano, akaisukuma baiskeli mzunguko mmoja uani. Gurudumu halikufika fundo la tatu. Ilibaki shibiri moja na kitu. Kwa kupanda majani hiyo si neno, mche haulalamiki. Akahesabu mafundo matatu kamili. Wakaandika milimita 2250.

Kuanzia hapo Shirley alikuwa anaruka. Kila jioni mita ilisema kilomita thelathini kwa saa, na Rodah akaibeba hiyo thelathini mpaka kituo cha kuuzia majani.

"Mama Shirley, huyo ulizaa mtoto ama pikipiki?" jirani yake Priscillah akamtania.

Rodah akacheka, akapiga na simu kwa kocha Nyamweya, aliyekuwa anatafuta msichana mmoja wa timu ya kaunti. Sharti lilikuwa kumaliza kilomita thelathini kwa saa moja.

Siku ya majaribio, pale Kapsoit, Shirley aliendesha akiiangalia mita. Ilimwambia yuko sawa, basi hakujisukuma. Akafika dakika kumi amechelewa, wa mwisho.

Kocha akainama kwenye usukani. "Barabara ni thelathini. Hii inasema thelathini na tano. Nani aliweka hiyo saizi ya gurudumu?"

Shirley akamtazama mama yake. Rodah, na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akatazama viatu vyake.

"Ni mimi," Shirley akasema.

"Ulitaka kunidanganya?"

"Pikipiki imeisha mafuta!" mtu akapiga kelele, na wazazi wakacheka. Shirley akafuta pua kwa mkono.

Jina la msichana mwingine liliposomwa ndipo Rodah alipopata mdomo. Akamfuata kocha kwenye gari.

"Kocha, hiyo namba ni yangu. Nilipima na kamba ya majani."

"Ulikuwa hapo nikimuuliza?"

"Nilikuwa."

"Ukasikia wakimcheka?"

"Nilisikia."

"Basi usiniambie mimi peke yangu, mama. Waambie wale."

Rodah akarudi kwa wazazi, uso ukiwaka kama aliyechungulia tanuri. Akasema. Wa nyuma hawakusikia, wakamwambia aongeze sauti, akasema tena yote kutoka mwanzo, kamba, mafundo, na kunyamaza kwake.

Nafasi haikurudi. Alipogeuka, Shirley alikuwa ameshaanza kupanda mlima, anaisukuma baiskeli kwa mkono, na hakumngoja.